Nakala ya Hukumu

Mimi ndiye niliyeipiga taipu, kurasa kumi na moja,
katika mahakama ya Kapchorwa, umeme ukiwa umekatika,
kwa taipureta ambayo herufi yake "a"
hukwama baridi ya mlima ikizidi.

Sikuja kumhukumu Labu Soyekwo mara ya pili.
Siku aliporudi na medali nilifunga ofisi saa nne asubuhi,
nikasimama barabarani na tawi la mkaratusi,
nikapiga vigelegele hadi sauti ikanitoka.
Gari lile jeupe tuliliona likikabidhiwa uwanjani,
limefungwa utepe kama bibi harusi.
Tuligusa bodi lake. Mwanangu alibusu kioo.
Hatukuuliza kama anajua kuendesha.
Mtu wa kasi, tulisema, kasi itamshinda?

Kisha kona ya chini ya Sipi, Jumapili, giza linaingia,
na Khainza akirudi na vitunguu vilivyokosa mnunuzi.
Polisi wakaleta utepe wao, ule wa kupimia:
mita arobaini na mbili za mpira uliochubuka juu ya lami.
Arobaini na mbili.
Hata pale, mbele ya kanga iliyomfunika,
yupo aliyenong'ona: si ndiyo namba yake ya mbio?

Wakili alisimama kama mtu anayengoja kijiti.
Akataja Ulaya, akataja bendera, akataja wimbo wetu
uliopigwa mbali, watu wasiotujua wakiinuka vitini.
"Miguu hii, Mheshimiwa, ni mali ya nchi."
Nikaandika. Kazi yangu ni kuandika.
Ila kidole kilisita kwenye neno "mali",
maana miguu ya Khainza nayo ilikuwa na mwenyewe,
na ilipanda mlima ule miaka kumi na saba
bila mtu kuishikia saa.

Faini. Na miezi sita ya kufundisha watoto mbio
kila Jumamosi.

Wiki tatu kabla, taipureta hii hii:
Wangolo, dereva wa lori la kabichi,
aliyempita mwenzake konani pale Kaserem.
Mtu mmoja alikufa. Miaka sita.
Naye alilia. Naye lilikuwa kosa lake la kwanza.
Alipoulizwa ana lipi la kujitetea, alisema,
"Nina watoto, na kabichi zilikuwa zinaoza."
Basi. Akakaa.
Nani aliwahi kumngoja Mbale na saa mkononi,
akapaza sauti kwamba huyu amewahi,
amewatangulia wote kwa sekunde mbili?

Msinielewe vibaya. Mimi si shabiki wa jela;
nimewaona wanavyotoka, wanaomba ruhusa hata ya kukaa.
Wapo wanaotaka bingwa afungwe zaidi kwa kuwa ni bingwa,
avunjike tuone vumbi lake. Hao simo nao.
Na huruma ya hakimu ilikuwa huruma kweli,
niliiona ikimtetemesha kidevu.
Nauliza tu, wiki tatu kabla ilikuwa wapi?
Ilikuwa likizo? Ilikosa nauli ya kupanda huku?

Jana mumewe Khainza alikuja kuomba nakala.
Alilipa ada kwa sarafu za mia mbili mbili
zinazonuka vitunguu. Nikazihesabu mara mbili
ili nisimtazame.
Hajui kusoma. Akanirudishia karatasi:
"Nionyeshe jina lake lilipo."

Nikapekua. Ukurasa wa kwanza, lipo.
Wa pili, "marehemu". Wa tatu, "marehemu".
Medali. Medali. Rekodi ya taifa. Shule aliyoiezeka mabati. Medali.
Kwenye wa tisa nikalikuta tena,
nimeliandika mwenyewe, kwa vidole hivi:
Khinza.

Akaweka kidole gumba juu yake, taratibu,
kama anayezima mshumaa.
"Ni hili?"
Nikasema ndiyo.